Alama Moja Pungufu

Mama yake Fundi hakuwa mtu wa kupiga chenga. Alimwekea Redio kikombe cha chai, akavuta kiti akakaa mkabala naye, akasubiri mpaka binti wa watu ameinua kikombe kukifikisha mdomoni, ndipo akauliza.

"Mwanangu, wewe unamtaka kijana wangu au humtaki?"

Redio alikirudisha kikombe mezani bila kuonja. Huyu ndiye mama aliyemkumbatia juzi uwanja wa ndege mpaka kilemba kikamvuka.

"Namtaka, Mama."

"Unamtaka. Haya. Miaka mitatu na nusu sasa. Kila ninayekutana naye njiani ananiuliza harusi lini. Nasema jamani, kijana bado anajifunza lugha ya huko ili apate kibali cha kazi amfuate mwenzake. Wananiuliza, hiyo lugha haina mwisho?"

Redio akacheka, kicheko cha kujilazimisha.

"Usicheke. Mimi nimechoka. Tangu yale majibu ya mtihani yatoke, mwezi wa nane huu, mtoto si yule. Nikimwambia huyu binti angekutaka kweli angeshapata njia, ananikatiza. 'Mama, usimlaumu Redio. Aliyefeli ni mimi.' Mwanamume mzima na ndevu zake anakaa hapo ulipokaa, ananiambia, Mama, kichwa changu kizito. Madaftari yake yale pale."

Aliyaonyesha kwa kidevu. Juu ya kabati la vyombo palikuwa na madaftari sita makubwa yaliyofungwa pamoja kwa waya wa umeme, na vumbi limeanza kuyakalia. Redio aliyajua. Mawili kati ya hayo aliyanunua yeye mwenyewe, mwaka wa kwanza, akamtumia Fundi pamoja na kamusi.

"Jumamosi wazee wa pande zote mbili wanakaa hapa," Mama akaendelea. "Sitaki watu wazima wafunge safari kuja kupanga tarehe ya jambo ambalo halipo. Leo Alhamisi. Nenda kazungumze naye. Mtakalotoka nalo nitalipokea, lolote liwe."

"Yuko wapi?"

"Atakuwa wapi? Juu ya maghorofa ya watu. Lile jengo la ghorofa saba nyuma ya benki. Lifti yao imegoma tangu juzi."

Redio akaaga. Mlangoni Mama alimshika mkono, uso wake umelainika. "Usinichukie, mwanangu. Nakupenda kama niliyekuzaa. Ndiyo maana nauliza."

Heri angemtukana. Redio alitoka pale akitembea haraka, kama mtu anayeogopa kuitwa nyuma.

*

Redio halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na shangazi yake aliyemlea, kwa sababu alianza kusema mapema na tangu siku hiyo hakunyamaza. Lugha alizichukua jinsi watoto wengine wanavyochukua mafua: akikaa na watu wiki tatu, anarudi nyumbani nayo. Akiwa na miaka ishirini na sita alikuwa nazo tano, akapata kazi nchi ya mbali, na shangazi akawatangazia majirani kwamba mtoto wake anakula kwa mdomo.

Kwa kweli huko alikokwenda alikula kwa masikio. Ofisi yao ilisahihisha mitihani ya kuongea. Watu wa nchi mbalimbali waliotaka kwenda kufanya kazi kule waliingia kwenye chumba cha mtihani huko huko kwao, wakaulizwa maswali na mashine, wakajibu, na sauti zao zikatumwa. Kwenye ukumbi wenye meza ishirini, Redio na wenzake walivaa hedifoni wakasikiliza. Hakuna jina, hakuna picha, ni namba tu na sauti. Alama zilikuwa kuanzia moja mpaka sita. Sauti za watu wa kwao zilipelekwa mezani kwake, kwa kuwa masikio yake yaliizoea lafudhi yao, na mtu wa lafudhi ile asingeonewa kwa sababu tu msikilizaji hakumzoea.

Ukimtambua mtahiniwa, unasimamisha sauti na kurudisha faili kwa msimamizi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza. Redio mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wafanyakazi wapya.

Alifika kwenye jengo, akakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa lifti: LIFTI MBOVU, TUMIA NGAZI, SAMAHANINI SANA. Mwandiko ulikuwa wa Fundi, herufi za mraba kama matofali. Hilo neno "sana" lilikuwa lake kabisa. Fundi mwingine angeishia kwenye mbovu.

Akaanza kupanda.

Asubuhi ile, miezi minane iliyopita, lilikuwa faili lake la nne. Alibonyeza, akasikia mtu anakohoa mara mbili. Neno halijatoka bado, na moyo wake ulikuwa umeshapasuka. Hakuna simu hata moja aliyopigiwa na Fundi ambayo haikuanza kwa kukohoa mara mbili, kana kwamba kila siku alikuwa anakuja kumposa upya. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Hakukibonyeza.

Swali lilisema: eleza safari ambayo ungependa kuifanya. Wengine walieleza milima, majumba ya makumbusho, jamaa waliotangulia. Fundi alieleza dirisha. Alisema ana mwenzake nchi ya mbali, na mwenzake akipiga simu hulifungua dirisha la chumba chake kwanza, na dirisha hilo linalia. Karibu miaka mitatu analisikia likilia. Alisema angependa kusafiri mpaka kwenye dirisha hilo na kopo la mafuta, alitie mafuta pale, na hapo neno la bawaba likamkimbia, akalizunguka vizuri tu: kile chuma kidogo kinachoushika mlango ili ucheze. Nikishalitia mafuta, alisema, nitakaa kitini nisikilize sauti yake peke yake. Kisha kengele ya dakika mbili ikalia.

Alikosea mahali patatu, makosa ya kawaida ambayo hayampotezi msikilizaji. Ilikuwa tano. Wala haikuhitaji kufikiri. Na kibali cha fundi wa lifti kilitaka tano.

Redio aliandika nne.

Ghorofa ya tatu alisimama, akashika chuma cha ngazi, akahema. Mama mmoja aliyekuwa akishuka na mafaili kifuani alimpa pole ya lifti. Redio akaitikia asante, akaona haya kupokea pole ya mtu.

Kama ingeishia pale angeweza kujiambia kidole kiliteleza. Lakini kila sauti ilisikilizwa na watu wawili wasioulizana, na yule wa pili, asiyemjua Fundi wala mama yake Fundi, alitoa tano. Msimamizi wao, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akaja mpaka mezani kwake. "Huyu ni wa lafudhi ya kwenu, mjuzi ni wewe. Nne au tano?" Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Redio alikuwa na glasi ya maji mkononi, hana homa, hana usingizi, hakuna aliyemkaba koo.

"Nne," akasema. Msimamizi akamshukuru kwa umakini wake.

Alijiambia anamlinda. Huko alikuwa ameona waume za watu, mafundi wenye sifa zao, wakiketi kwenye viti vya ofisi na zahanati huku wake zao wakiwasemea kila kitu, hata wapi panawauma. Alimwona mmoja aliyekuwa mcheshi kwao akageuka mtu wa kununa. Hakutaka Fundi wake, ambaye majengo mazima yalimsubiri aje, afike kule awe kivuli nyuma ya mgongo wake.

Huo ulikuwa ukweli, lakini nusu yake. Nusu nyingine hakuwahi kuwaambia hata kuta za chumba chake. Aliyapenda maisha yale. Chumba chenye ufunguo mmoja, meza yenye namba yake, watu waliomsikiliza akitoa maoni wakaandika. Alitaka kwanza asimame imara, kidogo tu, mwaka mmoja labda, halafu Fundi aje. Wiki tatu baadaye alifanywa kiongozi wa meza. Jioni ile Fundi alipiga simu, akakohoa mara mbili, akamwambia, "Samahani, mpenzi, nimefeli," kisha akampongeza kwa cheo.

*

Chumba cha mashine kilikuwa juu kabisa, kupita ghorofa ya saba, kwenye paa. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la nyaya, ovaroli ya buluu imelowa jasho mgongoni, tochi ameiuma kwa meno. Alipogeuka na kumwona, tochi ikadondoka.

"Redio! Umepanda ngazi zote hizo?"

"Nifanyeje? Lifti imegoma na fundi wake mzembe."

"Fundi wake si mzembe, ni mnyonge. Watu wa ghorofa ya sita wamemtukana tangu asubuhi." Alicheka, akatafuta tambara safi, akalitandika juu ya sanduku la vifaa ili akae. Akaitazama mikono yake iliyojaa grisi, akakata shauri, akamgusa shavu kwa kifundo cha mkono, mahali pekee palipokuwa pasafi. Redio alifumba macho. Alikuwa amekaa siku tatu nyumbani akikwepa kubaki naye peke yake, na mwili wake haukujua hesabu za kichwa. Ulimtaka huyu huyu, jasho na grisi na yote.

"Mama kakuita," Fundi akasema. Haikuwa swali.

"Kaniita."

"Usimsikilize. Anasema kwa uchungu tu." Akageukia mashine, akaanza kukaza nati huku anaongea, kwa kuwa maneno magumu aliyasema vizuri zaidi mikono ikiwa kazini. "Nimeshaamua. Jumamosi wazee wakikaa, mimi nitasimama kwanza. Nitasema aliyechelewesha mambo ni mimi. Mwenzangu alifanya kila kitu, alinitumia vitabu, aliniita, na mimi ndiye niliyeshindwa kuvuka. Sitaki mtu akunyooshee kidole."

"Fundi, usiseme hivyo."

"Ndivyo ilivyo."

"Na kurudia mtihani? Ulisema utarudia."

Spana ikasimama. "Nilikwenda. Mara mbili nimekwenda mpaka mlangoni. Miguu inakataa." Alicheka kidogo, bila furaha. "Unajua zamani nilikuwa nafanya mazoezi na lifti? Kweli tena. Nipo peke yangu juu ya paa, naiambia lifti habari za asubuhi kwa ile lugha, naieleza ninachoifanyia. Lifti zote za mji huu zilijua salamu za huko. Sasa hivi nikianza hata neno moja naona aibu. Aibu ya nani sijui, maana hakuna mtu. Najisikia mjinga mbele ya mota."

"Wewe si mjinga."

"Karatasi imesema."

"Karatasi haijui kitu."

"Karatasi imeandikwa na watu wanaojua kazi yao, Redio. Watu kama wewe."

Redio alihisi maji yamemfika shingoni. Hakutaka kitu kingine duniani ila kumwondolea ule uso wa kuinama, amrudishie japo kidogo, na akashika cha karibu bila kuangalia ni nini.

"Ungekuja tu," akasema, akijaribu kucheka. "Hata lile dirisha langu linakusubiri na kopo lako la mafuta. Bado linalia."

Fundi alitabasamu. Kisha tabasamu likabaki usoni peke yake, macho yakaondoka.

"Kopo gani?"

"La mafuta."

"Sijawahi kukwambia habari ya mafuta."

"Umewahi. Kwenye simu."

"Sijawahi." Aliiweka spana chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka. "Hilo nililificha. Nilitaka siku nikifika nilitoe begini, ushangae. Nimelisema mara moja tu tangu nizaliwe, kwenye chumba cha mtihani, kwa ile mashine."

Uongo ulimjia Redio kwa lugha zote tano, na kila mmoja ulikuwa mzuri. Aliutazama uso wa Fundi, akaona kwamba akisema mmojawapo ataamini. Angeamini chochote. Hilo ndilo lililomshinda.

"Nilikusikia," akasema. "Sauti yako ililetwa mezani kwangu."

Jambo ambalo hakulitarajia ni furaha. Uso wa Fundi ulifunguka wote. "Ulinisikia? Wewe mwenyewe, kwa masikio yako? Mungu wangu! Kumbe nilikuwa naongea na wewe na sijui!" Alijipiga paja, grisi ikabaki kwenye ovaroli. "Nikawa naogopa nani huko anasikiliza upuuzi wangu wa dirisha, kumbe mwenye dirisha!" Akacheka, kisha akatulia kidogo. "Halafu wale wenzako wakaniangusha."

"Siyo wao."

"Ni nani?"

"Ni mimi."

Chini kabisa mtu alikuwa akibonyeza kitufe cha lifti ingawa karatasi ilimwambia ni mbovu. Taa nyekundu kwenye kabati la nyaya iliwaka ikazima, ikawaka ikazima.

"Ulinipa ngapi?" Fundi akauliza.

"Nne."

"Nilistahili ngapi?"

"Tano."

"Sema tena."

"Tano. Mwenzangu alikupa tano. Nikaulizwa mara ya pili nikiwa na akili zangu timamu, nikasema nne."

Fundi alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Kwa muda alionekana kama mtu anayepiga hesabu ya mbali. "Kwa hiyo naijua," akasema kwa sauti ndogo. "Ile lugha. Naijua."

"Unaijua."

"Miezi minane." Alitikisa kichwa. "Nimemwambia mama yangu mzazi kwamba alizaa mjinga. Nimemwambia na macho makavu, na akalia. Na wewe nikakupigia simu nikakuomba samahani. Ukasemaje? Unakumbuka ulichosema?"

Alikumbuka. "Nilisema usijali."

"Ulisema usijali."

Hapo machozi yakamtoka Redio, na akachukia kwamba yametoka, kwa sababu Fundi hakuwahi kuweza kuvumilia machozi yake na haikuwa haki kumfanyia hivyo sasa. Akayafuta kwa kiwiko. Alimweleza yote. Waume wanaosemewa, mcheshi aliyegeuka wa kununa. Kisha akajikaza akamweleza na ile nusu nyingine, chumba, ufunguo mmoja, meza, jinsi alivyotaka mwaka mmoja tu wa kuwa mtu peke yake.

"Kuna mwanamume?"

"Hakuna. Naapa."

"Ingekuwa nafuu," Fundi akasema. "Mwanamume ningemwelewa." Aliinua uso. "Uliogopa nitakuwa mdogo kule kwenu. Basi umenifanya mdogo hapa hapa kwetu, mbele ya mama yangu, na hata nauli sikutumia. Si ungeniambia tu, Fundi, ngoja mwaka? Ningengoja. Kazi gani nyingine nimefanya tangu uondoke?"

Kulikuwa na siku, ya kwanza au ya pili, ambayo sentensi hiyo fupi ingetosha kabisa: ngoja mwaka. Katika lugha tano hakuitafuta hata katika moja.

"Mpigie," Fundi akasema.

"Nani?"

"Huyo msimamizi wako. Saa hizi si wako kazini?"

"Wako. Fundi, nitafukuzwa."

"Sijakwambia ufukuzwe. Nimekwambia useme. Hukunionea mimi tu. Pale mezani kwako wanakuja watu wa kwetu wote, na kila mmoja ana mama yake."

Redio aliitoa simu. Aliiangalia ile namba kwa muda, miaka mitatu na nusu ya kuamka mapema ikiwa imekaa ndani yake, kisha akapiga moyo konde akaibonyeza. Akaweka spika bila kuambiwa.

Msimamizi alipokea kwa uchangamfu, akamuuliza likizo inaendaje. Ndipo Redio akaanza kuongea ile lugha mbele ya Fundi kwa mara ya kwanza. Alisema kwamba mwaka huu alimtambua mtahiniwa na hakurudisha faili. Alisema mtahiniwa huyo ni mchumba wake. Alimpa nne naye alistahili tano, na anaomba radhi, na yuko tayari kwa lolote. Alidhani amemaliza.

"Hujamwambia ile mara ya pili," Fundi akasema kutoka sakafuni.

Alikuwa amefuata kila neno. Redio alihisi uso unamwaka moto, kwa sababu ni kweli alikuwa ameliruka, tena kwa ustadi, na mtu asiyejua lugha asingegundua.

"Na uliponiuliza," akaiambia simu, "ukisimama mezani kwangu, nne au tano, nilijua ni tano. Nikakudanganya."

Msimamizi akasema, kwa sauti ambayo haikuwa tena ya likizo, kwamba asiguse kazi yoyote mpaka aitwe, na kwamba faili zote zilizopita mezani kwake zitasikilizwa upya. Kisha akauliza, "Uko na mtu hapo?"

"Niko naye. Mwenyewe."

"Naomba niongee naye."

Redio akaishusha simu, akainyoosha mbele ya Fundi. Msimamizi alijitambulisha, akaomba radhi kwa niaba ya ofisi, akaongea taratibu kama watu wanavyoongea na mgeni, akauliza kama bwana angependa sauti yake ya zamani isahihishwe upya apewe alama yake.

Fundi alikohoa mara mbili.

"Nashukuru, mama," akasema kwa lugha ile ile, bila haraka. "Ile ya zamani iacheni. Mtu aliyeisema alikuwa na safari, na mimi safari hiyo sina tena. Nitarudia mtihani mwezi ujao, kwa ajili yangu. Naomba jambo moja tu. Safari hii asinisikilize mtu anayenipenda."

Msimamizi alisema ameelewa. Simu ikakatika.

Redio alibaki ameishika mkononi. Kazi ni tabia mbaya. Huku moyo unamvuja, masikio yake yalikuwa yameshapita sentensi kwa sentensi yakitafuta kosa, na hayakupata.

"Ngapi?" Fundi akauliza. Alikuwa anamwangalia.

"Sita."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea mzigo wake uliopotea. Akainuka, akachukua spana, akamalizia ile nati. Kisha akainua swichi kubwa ukutani, mota ikakoroma, kamba za chuma zikaanza kusogea.

"Imepona," akasema bila kugeuka. "Shuka nayo, usiteseke na ngazi."

"Fundi, niambie hata neno moja."

"Ninayo mawili, ya kumpelekea Mama." Sasa aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini uso haukuwa umeinama. "Mwambie wazee wasije Jumamosi. Na mwambie madaftari yangu ayashushe."

Redio alisubiri kama kuna la tatu. Halikuwepo. Alilikunja lile tambara alilokalia, akaliweka juu ya sanduku, akashuka ngazi chache mpaka ghorofa ya saba, na lifti ilikuwa imeshafika ikimngoja, mlango wazi.

Ilianza kushuka polepole. Kupitia matundu ya kamba, sauti za chumba cha mashine zilimfuata chini: chuma kikigonga chuma, mguu ukiburuza, kabati likifungwa. Ghorofa ya tano alimsikia akikohoa mara mbili. Kisha akaanza kuongea, peke yake, kwa sauti kubwa, kwa ile lugha, akiisalimia lifti habari za mchana.

Redio aliziba masikio yake kwa viganja vyote viwili, akayabana mpaka yakauma, akakaa hivyo hivyo mpaka chini.